Kombora lililokosa kazi: uchambuzi wa mechi moja ya Tekken 7 mjini Busia

Katika vibanda vya gemu vya Busia, upande wa Uganda, kuna aina ya mchezaji anayejulikana na kila mtu. Anachagua mhusika Paul Phoenix, anaingia na kombora, yaani ngumi yake moja kubwa, na kabla mpinzani hajakaa vizuri raundi imekwisha. Mtaani hana wa kumsumbua. Siku akikutana na mgeni anayejua kuzuia, anapigwa tatu bila na anatoka nje haelewi kilichompata.

Kisa tunachokichambua hapa ni cha mchezaji wa namna hiyo. Tumekiunganisha kutokana na mechi za aina moja zinazojirudia vibandani, ndiyo maana wahusika hawana majina: wa nyumbani tutamwita Mwenyeji, na aliyevuka mpaka kutoka upande wa Kenya tutamwita Mgeni. Gemu ni Tekken 7, ya kupigana mtu na mtu, kwenye PS4, ambayo bado ndiyo inayochezwa mahali pengi pasipo na PS5.

Tuanze na mazingira, kwa sababu tatizo lilizaliwa humo. Kibandani mtu hulipa kwa mechi, na anayeshindwa anaachia padi. Benchi limejaa vijana wanaosubiri zamu. Katika hali hiyo hakuna anayetaka kujaribu jambo asilolimudu kwa pesa yake mwenyewe. Pigo lililoshinda jana ndilo litakaloingia leo. Wapinzani nao wanabonyeza tu bila kuzuia, na mbele ya mtu asiyezuia, pigo zito la haraka hushinda karibu kila mara. Mwenyeji hakuwa mvivu. Alijifunza kwa bidii jibu la swali aliloulizwa kila siku na watu wale wale. Mgeni alikuja na swali jingine.

Kombora lenyewe ni ile ngumi kubwa ya Paul: chini, chini-mbele, mbele, pamoja na kitufe cha pembetatu. Paul amekuwa nalo tangu Tekken ya kwanza ya mwaka 1994. Ni pigo la kati, kwa hiyo aliyechuchumaa linampata vilevile. Linaondoa kipande kikubwa cha afya kwa ngumi moja, bila kombo (mapigo yanayofuatana bila mpinzani kujinasua) ya kukariri. Ni pigo zuri kweli, na yeyote anayemwambia kijana aliache anampoteza. Ubaya wake ni kwamba likizuiwa, Paul anachelewa kuwa huru kuliko mwenzake, anabaki nyuma kwa kiasi cha fremu 17 (kipimo cha muda tutakachokieleza hapa chini), na likipita hewani anabaki wazi kwa muda mrefu zaidi.

Mechi ilikwenda hivi. Ilikuwa fainali ya shindano dogo la mwisho wa wiki, mshindi ni anayetangulia kushinda gemu tatu, na gemu ni ya anayetangulia kushinda raundi tatu. Mwenyeji alipata raundi mbili tu, zote katika gemu ya kwanza, wakati Mgeni alikuwa bado anapima umbali. Baada ya hapo hakupata hata moja. Benchi zima lilikubaliana kwamba Mgeni ana kombo kali. Video iliyochukuliwa kwa simu kutoka nyuma ya benchi inasema jambo tofauti. Jin, mhusika aliyechaguliwa na Mgeni, alitumia mapigo manne kwa sehemu kubwa ya mechi: ngumi mbili fupi za haraka, teke la kuruka, teke dogo la chini, na mshiko wa kumkamata mpinzani. Kombo zake zilikuwa fupi, na mara kadhaa zilimponyoka katikati. Hakushinda kwa kombo.

Ili kuona alishinda kwa nini, lazima tuongee kwa fremu. Gemu inaonyesha picha 60 kwa sekunde, na kila picha ni fremu moja, takribani milisekunde 17. Ngumi fupi ya kushoto (kitufe cha mraba) inafika baada ya fremu 10 kwa karibu wahusika wote, na hakuna pigo la kawaida la kusimama linaloipita. Ikizuiwa, aliyeipiga yuko mbele kwa fremu 1, yaani anakuwa huru fremu 1 kabla ya mwenzake. Ikipata, yuko mbele kwa fremu 8. Teke la kuruka la Jin (juu-mbele na duara) linafika kwa fremu 15, linamrusha mtu hewani, na likizuiwa Jin anabaki nyuma kwa fremu 13. Tarakimu hizo chache zinatosha kusoma mechi nzima. Mchezaji wa Busia hahitaji jedwali zima la wahusika wote kichwani. Anahitaji kujua za mhusika wake, na za mapigo matano au sita anayopigwa nayo kila siku.

Sasa tuitazame sehemu moja kwa karibu. Gemu ya pili, raundi ya tatu, wote wamebaki na kama nusu ya afya, katikati ya uwanja. Mwenyeji anapiga ngumi fupi ya kushoto, Mgeni anaizuia. Hapo Mwenyeji yuko mbele kwa fremu 1. Akipiga ngumi fupi nyingine mara moja, inafika fremu ya 10, na ya Mgeni, hata akibonyeza bila kuchelewa, itafika fremu ya 11. Zamu ni ya Mwenyeji. Badala yake anazungusha kidole na kuachia kombora. Mgeni hakubonyeza kitu. Alikuwa amekwisha kurudi hatua moja, akasimama na kuzuia. Kombora likagonga mikono, Paul akabaki nyuma kwa fremu 17, na teke la kuruka la fremu 15 likamkuta bado anarudisha bega. Akaenda hewani, na afya ikashuka karibu na robo.

Sekunde chache baadaye Mgeni, kwa pupa, anaruka na teke lile lile kutoka mbali kidogo. Mwenyeji analizuia! Hii ndiyo nafasi aliyoingoja. Anajibu kwa kombora. Mgeni analizuia pia, anamrusha tena, raundi inaisha. Benchi likapiga kelele kwamba Mgeni ana bahati.

Hapa hakukuwa na bahati. Teke la kuruka lililozuiwa linamwacha Jin nyuma kwa fremu 13. Kombora, ukijumlisha muda wa kuzungusha kidole, linahitaji kama fremu 15. Linachelewa kwa fremu mbili, na fremu mbili zinamtosha mtu aliyeshika nyuma kuzuia. Ngumi mbili fupi, mraba kisha pembetatu, zinaanza kwa fremu 10. Zingempata Jin bila yeye kuwa na njia. Adhabu yake ni ndogo, lakini ni ya hakika, na inarudisha zamu. Mwenyeji alijaribu kuadhibu kosa la mwenzake kwa pigo ambalo lenyewe ni kosa kubwa zaidi. Jambo hilo lilitokea tena na tena katika mechi ile, na ndilo lililokula zaidi ya nusu ya afya aliyopoteza.

Kwa hiyo dawa haikuwa kumnyang'anya kombora. Dawa ilikuwa kulihamisha, litoke mwanzoni mwa mashambulizi liende mahali ambapo mpinzani hawezi kuzuia: baada ya kosa la fremu 15 au zaidi, na baada ya pigo kubwa lililopita hewani mbele ya pua yake. Kombora la Mgeni mwenyewe, kama angemchagua Paul, likizuiwa lingeadhibiwa kwa kombora. Pigo la hasira, lile linalopatikana afya ikishuka hadi kama robo, likizuiwa linamwacha mtu wazi kiasi cha kurushwa hewani; hapo kombora ni halali kabisa. Tofauti iko kwenye swali moja ambalo Mwenyeji hakuwa amewahi kujiuliza: je, huyu sasa hivi anaweza kuzuia?

Sehemu ya pili ya hasara ilitoka kwenye kuchuchumaa. Mgeni alimpiga teke dogo la chini mara mbili tatu katika gemu ya kwanza, likamchoma moyo kuliko lilivyomchoma afya. Tangu hapo Mwenyeji akawa anachuchumaa kila wakivutana. Mtu aliyechuchumaa anazuia mapigo ya chini, na mapigo ya juu na mshiko wa kawaida vinapita juu ya kichwa chake, lakini mapigo yote ya kati yanampata. Na mapigo mazito, yale yanayorusha hewani, mengi ni ya kati. Teke la kuruka ni la kati. Alikuwa akitoa robo ya afya ili aokoe kipande kidogo.

Watu wengi hufundishwa kwamba mchezaji mzuri anazuia kila kitu. Haiwezekani, na si kosa la mtu. Jicho na kidole kwa pamoja vinahitaji takribani milisekunde 200 hadi 250 kuitikia jambo lililoonekana, yaani fremu 12 hadi 15, na hapo bado hujajumlisha ucheleweshaji wa televisheni na padi. Teke la chini la fremu 16 huwezi kuliona na kulijibu. Unaweza kulikisia tu. Kanuni inayofanya kazi ni hii: simama kama hali ya kawaida, kubali mateke madogo ya chini, na chuchumaa kwa sababu maalumu tu. Sababu ya kwanza ni pigo la chini lililo zito na la polepole, ambalo macho yanaliona. Hayo hayazidi machache kwa kila mhusika. Sababu ya pili ni mfululizo unaoujua, ambao pigo lake la mwisho siku zote ni la chini au la juu. Ukilizuia pigo zito la chini, usisimame ukakaa: teke la kulia wakati wa kuinuka (achia chini, bonyeza duara) linafika kwa fremu 11 kwa karibu wahusika wote na ndilo adhabu ya msingi kutoka chini.

Sehemu ya tatu tutaipitia haraka. Kila akiangushwa, Mwenyeji aliinuka kwa teke. Mgeni aliliona mara ya pili, na kuanzia hapo akawa anasimama hatua moja nje, analiacha lipite au analizuia, kisha anaadhibu. Kuinuka kuna njia kadhaa: kukaa chini kidogo, kubiringika pembeni, kurudi nyuma, kusimama na kuzuia. Asiyebadilisha njia hata moja anamwachia mpinzani kazi nyepesi mno.

Kuna jambo la chombo pia, na ni rahisi kulipuuza. Televisheni ya kibanda cha nyumbani ilikuwa kwenye hali ya sinema, na televisheni nyingi zikiwa hivyo hulainisha picha kabla ya kuionyesha na kuichelewesha kwa fremu kadhaa. Ile ya fainali ilikuwa kwenye hali ya gemu. Vidole vya Mwenyeji vilizoea kubonyeza mapema ili kulipia ucheleweshaji; kwenye televisheni ya haraka muda wake wote ukavurugika, hasa kwenye kuzuia. Mwenye kibanda anaweza kurekebisha hili kwa dakika moja kwenye menyu ya picha, bila kununua chochote: hali ya gemu iwashwe, vilainishi vya mwendo vizimwe. Padi nazo zikaguliwe. Kitufe cha mwelekeo cha nyuma kilicholegea kinamfanya mtu adhani hajui kuzuia wakati kidole chake kilifanya kazi yake sawasawa.

Mazoezi yaliyofuata yalichukua wiki sita. Jambo la kwanza lililohitajika lilikuwa saa ya kibanda isiyo na presha ya benchi. Asubuhi, saa tatu hadi saa nne, vibanda vingi vina mashine zilizolala. Mwenye kibanda alikubali kutoza kwa saa badala ya kwa mechi, akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Mdogo wangu, njoo hata kila siku, mradi umeme upo." Bila mpango wa namna hii hakuna mafunzo. Mtu akilipa kwa mechi atarudia alichokijua, kila mara.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za adhabu tu. Wawili, padi mbili, hali ya mazoezi. Mwenzake alimchukua Jin na kuruhusiwa vitu viwili: teke la kuruka, au ngumi mbili fupi. Kazi ya Mwenyeji: asimame, azuie, ajibu. Teke la kuruka likizuiwa, jibu ni mraba-pembetatu. Ngumi mbili zikizuiwa, hakuna adhabu. Jibu sahihi ni kutofanya pupa. Hilo la pili ndilo lililomshinda kwa siku nyingi. Kidole kilichozoea kubonyeza kila baada ya kuzuia kinahitaji kufundishwa kutulia, na zoezi lisilo na pigo la "usiadhibu" ndani yake halifundishi chochote, kwa sababu mtu anabonyeza bila kuangalia. Seti ilikuwa mapigo 20, kwa mpangilio anaoujua mwenzake peke yake. Akikosea zaidi ya mara 4 anarudia. Akipata 16 kwa siku tatu mfululizo, kitu cha tatu kinaongezwa.

Kitu cha tatu kilikuwa kombora. Mwenzake alimchukua Paul naye, na sasa aliruhusiwa kombora pamoja na ngumi mbili. Kombora likizuiwa, lijibiwe kwa kombora. Hapa ilionekana kasoro ambayo kwenye mechi haikuonekana: Mwenyeji alikuwa analiachia kombora akiwa amechelewa, kwa sababu alianza kuzungusha kidole baada ya mwili wa Paul kumaliza kutikisika. Amri inaweza kuanza kuingizwa mapema, wakati Paul bado anatikiswa na pigo alilolizuia, ili pembetatu ibonyezwe fremu ya kwanza anapokuwa huru. Fremu 17 ukitoa 15 zinabaki mbili tu za kosa. Kwa kuwa kombora linamsukuma aliyelizuia nyuma kidogo, adhabu fupi kama ngumi mbili wakati mwingine hazifiki. Kombora linasonga mbele lenyewe, na ndiyo sababu linafaa hapo.

Wiki ya tatu na ya nne zilikuwa za miguu. Mwendo ndio unaomfanya mpinzani akose, na pigo lililokosa ni zawadi kubwa kuliko lililozuiwa. Zoezi lilikuwa dogo: mwenzake anaingia na pigo moja refu, wakati wowote ndani ya sekunde tano, Mwenyeji anatembea mbele na kurudi kwa hatua za haraka (nyuma mara mbili), akitafuta kukaa inchi chache nje ya pigo hilo. Likipita, kombora. Lisipopita, azuie. Wengi hukimbilia kujifunza ile mbinu ya Wakorea ya kukatiza hatua ya nyuma kwa chini-nyuma ili kurudi haraka zaidi. Inafaa, na mtu aijifunze pole pole kwa dakika kumi kila siku, lakini kwa kiwango cha kibanda hatua moja ya nyuma iliyopigwa kwa wakati inafanya kazi kubwa kuliko tano za haraka zilizopigwa kwa woga. Kukwepa pembeni kuliongezwa mwishoni, kwa pigo moja tu: kombora la mwenzake, linalopita kwenye mstari ulionyooka kiasi kwamba hatua ya pembeni iliyowahi inaliacha lipite.

Kisha likatokea jambo ambalo huwavunja moyo wachezaji wengi, na ambalo linastahili maneno mengi kuliko zoezi lolote. Jioni, kwenye mechi za kulipia, Mwenyeji akaanza kushindwa na watu aliokuwa akiwafunga. Vijana waliokuwa wakimwogopa wakaanza kumtania. Katika hatua hii wengi hurudi kwenye mtindo wa zamani na kusema misingi ni ya watu wa mtandaoni.

Sababu inaweza kuonekana kwenye video. Alikuwa amejifunza kungoja, lakini hakuwa amejifunza kukatiza. Mchezaji wa Eddy, mhusika wa mateke mengi, anayebonyeza mfululizo hampi mtu wa kungoja nafasi ya wazi. Anampa mapigo kumi yasiyoisha, na mtu anayezuia tu mwishowe anapigwa na la chini. Mtu anaweza kusema basi Eddy hachezeki. Anachezeka, ila dawa yake ni maarifa ya mahali, na haipatikani kwa subira peke yake. Kila mfululizo una moja ya vitu viwili: pigo la juu ambalo ukichuchumaa linapita na kumwacha mgongo wazi, au mwanya kati ya mapigo mawili ambamo ngumi fupi ya fremu 10 inaingia. Njia ya kuvipata ni kuchukua Eddy wewe mwenyewe kwenye mazoezi, kupiga mfululizo unaokusumbua, na kumwomba mwenzako achuchumae kwenye pigo la pili, kisha la tatu, kisha abonyeze ngumi fupi baada ya kila moja, mpaka mpate linapovunjika. Kila mfululizo unachukua dakika chache. Mwenyeji alifanya hivyo kwa mifululizo mitatu inayopigwa zaidi kibandani kwake, na hiyo mitatu ilitosha kumrudisha kwenye benchi la washindi. Mifululizo mingine mingi ya Eddy ipo, lakini hakuna aliyekuwa akiitumia pale.

Funzo la zamu pia lilihitaji kukamilishwa upande wa kushambulia. Mtu aliyekwisha kujua adhabu huwa anaogopa kuanza. Akapewa kanuni mbili za ngumi fupi. Ikizuiwa, yuko mbele kwa fremu 1: apige nyingine, au arudi hatua moja na kungoja mwenzake apige hewani. Ikipata, yuko mbele kwa fremu 8: pigo la haraka zaidi la mpinzani litafika fremu ya 18 kwa hesabu yake, kwa hiyo pigo lake lolote la fremu 17 au chini linashinda. Hapo ndipo pigo la kati lililo zito lina haki ya kuingia, na mpinzani akishaogopa kubonyeza na kuanza kuzuia tu, mshiko unaingia. Mashambulizi yote ya Mwenyeji katika wiki ya tano yalikuwa haya matatu yakizunguka.

Daftari lilisaidia kuliko tulivyotarajia kwa kifaa cha bei hiyo. Baada ya kila mechi iliyorekodiwa, Mwenyeji aliandika mistari miwili tu: alipoteza afya nyingi kwa kitu gani, na je, alikuwa amesimama au amechuchumaa. Ukurasa mmoja ulionyesha neno "kuinuka kwa teke" mara nyingi kiasi kwamba hakuhitaji kuambiwa na mtu. Wanaoandika kurasa ndefu huacha baada ya siku tatu.

Swali linaloulizwa sana Uganda ni kama mtu anaweza kufika mbali bila mtandao mzuri. Mechi za mtandaoni za Tekken 7 huunganisha mashine mbili moja kwa moja, kwa hiyo umbali kati ya wachezaji unauma, na fremu zilizohesabiwa hapa hupotea njiani. Mchezaji Arslan Ash alitoka Lahore, Pakistan, mahali ambapo wachezaji walikua kwa kukaa bega kwa bega katika vyumba vya gemu, akashinda mashindano makubwa ya gemu za kupigana, EVO Japan Februari 2019 na EVO ya Las Vegas Agosti mwaka huo huo, kwenye Tekken 7 hii hii. Waliomtazama waliona hasa mwendo na adhabu. Busia ina kitu ambacho miji mingi haina: vibanda vya nchi mbili kwa umbali wa kutembea, na Kiswahili cha kupatania mechi pande zote.

Wiki ya sita Mwenyeji na Mgeni walicheza tena, safari hii bila zawadi, gemu tano. Mgeni alishinda tatu kwa mbili. Teke la kuruka alilipiga mara chache katika gemu ya kwanza. Kila lilipozuiwa alipata ngumi mbili usoni, na gemu ya pili akaliacha kabisa. Kombora la Paul liliingia mara chache kuliko zamani, na karibu kila lilipoingia lilipata. Gemu mbili alizoshinda Mwenyeji zilikwisha kwa namna moja: Mgeni akaona afya imeshuka, akaachia pigo la hasira, likazuiwa.

Alichoshindwa nacho sasa ni mshiko. Kwa kuwa alikuwa anasimama na kuzuia vizuri, Mgeni alimfuata na kumshika, mara nyingi baada ya ngumi fupi moja iliyozuiwa. Mshiko wa kawaida unafika kwa fremu 12 na ni wa juu, kwa hiyo una majibu matatu: kuuvunja kwa kitufe cha ngumi kwa wakati, kuchuchumaa ukiukisia, au kumkatiza kwa ngumi fupi kabla hajafika. Mwenyeji alikuwa na jibu moja tu, la kuchuchumaa, na Mgeni alilijua kutoka mechi ya kwanza.

Kazi ya wiki mbili zinazofuata imepangwa: mwenzake anamchukua mhusika King, ambaye mikono yake inasomeka vizuri kuliko ya wengine. Mkono wa kushoto ukitangulia, mraba. Wa kulia ukitangulia, pembetatu. Yote miwili ikinyooka pamoja, vitufe vyote viwili. Seti ya 20, saa tatu asubuhi, na ndani yake mapigo matano ya kati yasiyotangazwa, ili asizoee kungoja mikono tu.